Kariakoo: tusiwaite waliojitolea

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa vijana na jeshi unapopamba moto, hasa unapoguswa mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, hakosekani mtu wa kusema kwamba wazee wa zamani walikuwa na moyo: Vita Kuu ya 1914 ilipopigwa Afrika Mashariki, walikwenda kwa malaki. Idadi ndiyo inayotolewa kama ushahidi wa mapenzi yao kwa vita ile. Naomba nafasi nieleze idadi hiyo ilivyopatikana, maana asemaye hivyo anamsingizia marehemu.

Walioajiriwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita ile, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji, Zanzibar na kwingineko, wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Wabelgiji kwa upande wao walichukua zaidi ya 200,000 kutoka Kongo na kandokando ya njia yao hadi Tabora. Askari wenye bunduki walikuwa wachache sana kuliko watu hao. Kwa hiyo anayezungumzia Waafrika katika vita vile anazungumzia wapagazi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza, lilipopita midomoni mwa Waswahili ndilo likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maeneo hayo yalikuwa kambi zao.

Mwanzoni, Agosti na Septemba 1914, wapo waliojiandikisha kwa hiari Nairobi na Mombasa. Nalikubali hilo bila ubishi. Kodi ya kibanda ilikuwa inadaiwa kwa rupia, na mkataba wa miezi michache ulionekana njia ya kuipata. Lakini hiari hiyo ilikauka mapema, waliorudi waliposimulia walichokiona na ujira uliposhushwa hadi rupia 5 au 6 kwa mwezi. Sababu mojawapo ya kuushusha ni malalamiko ya walowezi kwamba jeshi likilipa vizuri, vibarua wa mashamba yao watadai vivyo hivyo. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuandikisha wenyeji wa kulihudumia jeshi, na kuanzia hapo mtu hakuhitaji kuulizwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Jeshi lilitaja idadi. Serikali ya Nairobi iliigawa kwa wilaya, mkuu wa wilaya akaigawa kwa machifu, na chifu akaambiwa siku ya kufikisha watu bomani. Chifu huyu hakuwa mtemi wa asili mara zote. Sehemu nyingi za Kenya aliteuliwa na serikali na angeweza kuondolewa nayo, basi idadi isipotimia ni kibarua chake kilichoota nyasi. Aliwatuma vijana wake usiku. Aliyekimbilia porini, mbuzi au ng'ombe wa baba yake walishikwa mpaka ajitokeze. Na kwa kuwa chifu ndiye aliyechagua, alianza na wasio na wa kuwatetea: yatima, mgeni, mwenye kesi naye, kijana wa ukoo hasimu. Bomani daktari aliwapima, akawakataa wengi waliokuwa dhaifu mno, na hapo chifu akaambiwa alete wengine kufidia. Waliopita walipewa namba, blanketi na mnyapara wa kuwaongoza. Wa Kenya wengi walipandishwa meli Kilindini, wakashushwa Dar es Salaam, Kilwa au Lindi.

Kilele kilikuwa 1917. Jenerali Hoskins, aliyempokea Jenerali Smuts uongozi wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, aliona hawezi kwenda kusini ya Rufiji bila wapagazi wengi zaidi, na John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni Kenya, akapewa kazi ya kuwasomba kutoka Kenya. Katika miezi michache ya mwaka huo walikusanywa zaidi ya 100,000. Kulikuwa na wilaya ambazo mkuu wa wilaya mwenyewe aliandika kwamba wanaume wenye nguvu wamekwisha.

Palikuwa na mlango mmoja wa kukwepa, nao unasema mengi. Kibarua wa shamba la Mzungu aliachwa. Kwa hiyo vijana walimiminika kwenye mashamba ya walowezi na kukubali ujira wowote, kwani walichokuwa wakinunua pale ni kutokwenda Kariakoo. Baadaye walowezi waliandika kwamba wenyeji wameanza kupenda kazi.

Pwani haikukubali kimya kimya. Wagiriama walikuwa wamekwisha kumsikia mwanamke wao Mekatilili wa Menza tangu 1913 akipinga vijana wao kupelekwa kazi za serikali. Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, na ghasia zikafuata. Waliposhindwa walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vibarua 1,000, na kazi waliyokusudiwa ilikuwa ya upagazi. Ndipo inapoonekana kwamba machoni pa serikali yenyewe upagazi ulikuwa adhabu, na adhabu haijitolewi.

Kuhusu uungaji mkono wa umma, Mhariri, kuna jambo la taaluma yako. Novemba 1914, baada ya mapigano ya Karonga, kaskazini mwa Nyasaland (Malawi ya leo), mchungaji John Chilembwe wa nchi hiyo alimwandikia barua mhariri wa gazeti la huko. Aliuliza kwa nini Mwafrika, asiyekuwa na sehemu katika faida za nchi wakati wa amani, aitwe kufa katika ugomvi wa wengine, na akashauri matajiri na wenye mashamba waende wao. Wakaguzi wa serikali walilizuia toleo lile. Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na tarehe 3 Februari akauawa. Basi anayefungua magazeti ya miaka ile na kuona wenyeji wote watulivu na watiifu, akumbuke kwamba barua za aina hii hazikufika kwa msomaji.

Sasa nije kwenye hesabu, maana ndiyo iliyoua, na ni ajabu kwamba haifundishwi shuleni ilhali mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Kwa nini wapagazi? Kwa sababu ya mbung'o, nzi waenezao ugonjwa unaoua mifugo. Smuts alipoingia na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mwaka 1916, wanyama walikufa kwa maelfu, farasi akidumu wiki chache tu. Magari yalikuwapo lakini yalizama matopeni masika yalipoanza. Reli ya Kati ilipotekwa, madaraja yalikuwa yamevunjwa, na vita vikahamia kusini kusikokuwa na reli. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 50 hadi 60, sawa na kilo 23 hadi 27. Mzigo huo ndio mtumba. Anayenunua shati la mtumba Kariakoo leo analitumia neno la wapagazi palepale kambini pao. Chakula cha mtu mmoja kwa siku, unga na maharage, kilikadiriwa kama ratili 2. Hiyo ndiyo posho kwa maana yake ya zamani, kabla haijawa fedha za semina.

Chukua mzigo wa ratili 50. Mpagazi anakula 2 kila siku, anapokwenda na anaporudi. Kikosi kikiwa mbali mwendo wa siku 5 kutoka ghala, safari ni siku 10, mpagazi anakula ratili 20 na kufikisha 30. Askari 1,000 wanahitaji ratili 2,000 kwa siku, basi wapagazi 67 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 10, unahitaji 670 hivi. Hapo mambo yanakwenda.

Peleka kikosi siku 10 mbele. Safari sasa ni siku 20, mpagazi anakula 40 na kufikisha 10. Wafike 200 kila siku, mara siku 20: wapagazi 4,000 kwa askari walewale 1,000. Umbali umeongezeka mara mbili, watu mara sita.

Ongeza siku 2 tu, ziwe 12. Mpagazi anakula 48, anafikisha ratili 2. Unahitaji wapagazi 24,000. Ongeza nusu siku nyingine, hakuna kinachofika. Mzigo wote umeliwa njiani.

Kuweka maghala katikati ya njia hakubadili jambo, kwa sababu anayelijaza ghala naye anakula. Na hesabu hii haina risasi, haina dawa, haina hema wala mizigo ya maofisa, haina siku ya mvua ya kukaa bure, haina mgonjwa anayehitaji watu wanne wa kumbeba kwa machela. Ndiyo sababu majenerali walidai watu 100,000 baada ya wengine 100,000, wala hawakudai kwa kuwa jeshi lao lilikuwa kubwa. Adui alikuwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mwenye watu wachache kuliko wao, ambaye mbinu yake ilikuwa kurudi nyuma, yaani kuongeza siku katika hesabu hii.

Hesabu ikikataa, afisa ana njia mbili, na zote mbili zilitumika.

Ya kwanza ni kupunguza posho. Jaribu: katika umbali wa siku 12 mpe mpagazi ratili 1 badala ya 2, atakula 24 na kufikisha 26. Kwenye karatasi tatizo limeisha. Mapema 1917 mvua zilipofurika bonde la Rufiji, askari na wapagazi waliishi kwa nusu posho na chini ya hapo, wakichimba mizizi, na mpagazi alikuwa wa mwisho katika foleni ya kile kidogo kilichofika.

Ya pili ni kula vya wenyeji. Ugogo, nchi ya Wagogo pande za Dodoma, ilikamuliwa na pande zote mbili: Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na watu walipokuwa wakirudi nyuma 1916, Waingereza wakachukua vilivyosalia. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba iliua watu 30,000 kati ya kama 150,000. Hao hawamo katika orodha yoyote ya waliokufa vitani.

Hata posho ikiwa kamili, ilikuwa na kasoro yake, na hapa mpishi yeyote wa mabweni atanielewa. Unga uliotolewa mara nyingi ulikuwa wa mahindi ya kusagwa kwa pumba zake, chembe kubwa. Unga wa namna hiyo unataka sufuria ya kutosha, maji yaliyochemka sawasawa, kuni kavu na muda. Mpagazi alifika kambini magharibi, pengine analowa mvua, sufuria moja ni ya watu wengi, kuni ni mbichi, na alfajiri anaondoka. Alikula uji wa unga mbichi. Tumbo likachubuka, na kwa maji ya madimbwi yaliyochafuliwa na maelfu waliotangulia, kuhara damu kukafanya kazi yake. Waliozoea ndizi, kama Waganda, au mtama na maziwa, waliumia zaidi ya waliokulia ugali wa mahindi. Watu wa nyanda za juu za Kenya, ambako malaria ilikuwa haba, walishushwa Kilwa na Lindi bila kinga mwilini. Blanketi moja lililolowa lilimaliza kwa kichomi waliosalimika na hayo mawili. Kwenye kambi za kudumu dawa yake ilijulikana: wapishi maalumu, sufuria kubwa, maharage, chumvi, na vyoo mbali na kisima. Kwenye safari, dawa hiyo ilihitaji kubebwa, na aliyehitajika kuibeba ni mpagazi.

Vifo vya wapagazi kwa risasi vilikuwa vichache. Hesabu rasmi ya Waingereza ilipita 40,000, na hao ni waliokuwa na namba na ambao karani alipata taarifa zao. Mtu aliyechukuliwa kijijini kubeba mzigo wa siku tatu akaachwa njiani hakuwa na namba. Wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli inakaribia 100,000 au kuipita. Wa upande wa Wajerumani, waliochukuliwa kijiji kwa kijiji na wengine kufungwa kamba wasitoroke, hata hesabu ya kubishania haikuwekwa.

Haki inataka niseme wapo Wazungu walioliona. Oscar Watkins, mkuu wa kikosi cha wapagazi, aligombana na jeshi mara kwa mara juu ya chakula na mizigo. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwaongoza wapagazi wa visiwani mwenyewe mwaka 1916, akitembea nao, na vita vilipokwisha akawa mpinzani mkali wa kazi za shuruti Kenya. Hao ni wawili. Kuhusu mshahara wa marehemu ambao ndugu zao hawakupatikana, Ainsworth na Watkins walitaka utumike kwa manufaa ya wilaya walikotoka. London haikukubali. Badala yake, kuanzia 1919 wanaume wa Kenya walivishwa shingoni kipande, yaani cheti cha utambulisho cha lazima, kwa sheria iliyopitishwa 1915 vita vikiendelea. Serikali ilikuwa imejifunza kuhesabu watu.

Sasa tazama kumbukumbu zetu. Sanamu la Askari pale Posta, Dar es Salaam, lililozinduliwa 1927, ni la askari mmoja ameshika bunduki yenye singe. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Mwenye miguu na mikono hayupo. Nairobi angalau mpagazi amechongwa. Jina la mtu hata mmoja halipo, huku makaburi ya Wazungu yakiwa na jiwe, jina na tarehe. Hili halikutokea kwa kusahau: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi porini kwa uamuzi. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Huku kwetu habari ilipita kwa siku mbili.

Ninaloomba ni dogo na halihitaji London. Halmashauri husika iweke kibao sokoni Kariakoo kinachosema hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa 1916 hadi 1918, mtumba ulikuwa na uzito gani, na wengi walikufa kwa nini. Neno "waliojitolea" lisiwepo kwenye kibao hicho. Walimu wa historia na hisabati wa shule za jirani waipitishe hesabu ya siku 5, 10 na 12 ubaoni. Dakika arobaini zinatosha.

Na familia ambazo zina simulizi ya babu aliyekwenda "Kariakoo" asirudi, ziandike sasa, wazee wangalipo. Andikeni kijiji na jina la chifu wa wakati ule kabla ya jina la babu, kwa sababu majalada ya Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya na ya Tanzania yamepangwa kwa wilaya na ofisi, na taarifa za wakuu wa wilaya hutaja machifu na idadi mara nyingi zaidi ya majina ya watu. Omba taarifa ya mwaka ya wilaya kwa 1916 hadi 1919. Jina la babu litafuteni kwa tahajia ya sikio la Kiingereza: "ch" huenda ikawa "j", "dh" ikawa "th", na jina la baba likakaa mahali pa jina la mtu. Kama kuna kibati cha namba kilichobaki ndani ya sanduku, kipigeni picha pande zote mbili kabla ya kukisugua, maana kutu hung'oka na tarakimu zake.

Wako,
Msomaji wa Ilala,
Dar es Salaam